Ndugu yangu wa Kibaha, mwezi wa tatu ni kuchelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Kibaha. Najua nitaandika mengi. Ukitaka kupunguza, punguza popote, ila usiguse habari ya siku ya 28, maana ndiyo iliyonikalisha mezani tangu asubuhi, miwani puani, uji umepoa mpaka umeota ngozi.

Ndugu huyo aliandika kwamba utrasaundi za mimba changa ni biashara tu, watu wanalipishwa hela kutazama "pande la damu", kwa sababu mtoto anaanza kuumbika mwezi wa tatu. Akasema mkewe amezaa watoto watano bila kupitishiwa mashine hata mara moja, na wote wapo. Kisha akatuambia binti yao anaolewa Desemba, na amekwisha kumwonya asikubali kusumbuliwa na mambo ya kliniki kabla tumbo halijaonekana.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimepokea watoto kwa miaka 33, na 14 ya mwisho nilikuwa pia na kiti changu kwenye chumba cha utrasaundi, hospitali ya wilaya, huku Nyanda za Juu Kusini. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa boksi la dripu ili giza liingie. Sisemi hayo nionekane msomi. Nasema ili huyo ndugu ajue nilikokaa nikayaona nitakayoyasema.

Nianze pale alipo sahihi, asije akanuna kabla hajafika katikati. Biashara ipo. Kuna vichumba karibu na stendi, mwanamke anaingia akiwa na wiki tano, anaonyeshwa kifuko kidogo cheusi, analipa, anaambiwa arudi wiki ijayo. Akirudi anaonyeshwa kifuko kilekile kimenenepa kidogo, analipa tena. Kwenye wiki ya tano hakuna cha maana cha kuangalia kasoro, na anayekuambia mtoto wako "yuko vizuri kabisa" kwa kukiona kifuko anakuuzia maneno. Hapo baba wa Kibaha nakupa mkono.

Ila hilo la mwezi wa tatu, hapana.

Kwanza tuelewane kuhesabu. Wakunga tunahesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo zile wiki mbili za mwanzo kwenye kadi mimba yenyewe bado haipo. Tukisema wiki ya sita, kiinitete kina siku 28 tu tangu kutungwa. Sasa tazama kinachofanyika ndani ya hizo siku 28. Mgongoni mwa kiinitete kuna ukanda bapa. Ukanda huo unabonyea katikati, kingo zake mbili zinainuka, zinakaribiana, zinashikana, unakuwa mrija. Huo mrija ndio ubongo, ndio uti wa mgongo. Kushikana kunaanzia maeneo ya shingoni, halafu kunakwenda pande mbili kwa pamoja, kupanda kichwani na kushuka kiunoni, kama zipu ya begi la safari yenye vichwa viwili. Tundu la juu linafunga kwenye siku ya 25 hivi. La chini linafunga siku ya 27 au ya 28. Siku hiyo mtoto mzima ana urefu wa milimita nne, ni kama punje ya ufuta iliyoshiba. Na moyo tayari una karibu wiki moja unapiga.

Siku ya 28 mama yake yuko wapi? Amechelewa siku zake kwa wiki mbili. Wengi huku kwetu wakati huo wanachuma chai, wakichoka wanasema ni baridi. Hajui. Akijua hasemi, maana mimba changa haitangazwi, watu wana macho. Wakati huo mrija umeshafunga, au haukufunga. Usipofunga juu, ubongo unabaki wazi, fuvu halijengeki, na mtoto wa hivyo haishi. Usipofunga chini, ndiyo mgongo wazi, na mara nyingi unaandamana na maji kichwani, hawa tunaowaita watoto wa kichwa kikubwa. Hakuna kidonge wala sindano inayourudisha mrija kuufunga mwezi wa tatu, baba.

Na siyo mrija peke yake. Wazee wenzangu wanaikumbuka habari ya thalidomaidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyouzwa Ulaya kuanzia 1957 mpaka 1961, ikaacha maelfu ya watoto wasio na mikono au miguu. Waliochunguza baadaye waliona kwamba madhara yalitegemea siku aliyoimeza mama, na siku za hatari zilikuwa kati ya ya 20 na ya 36 hivi tangu kutungwa mimba. Hilo ndilo hilo "pande la damu".

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linanikaa kifuani.

Mwezi wa Februari mwaka mmoja, mvua za huku unazijua kwa kuzisikia tu, aliingia msichana wa miaka kama 22 kutoka kwenye kambi za mashamba ya chai. "Kamwene mama." "Kamwene mwanangu, panda kitandani taratibu." Kadi yake ilikuwa safi, imefunikwa kwa nailoni. Alikuwa amehudhuria kliniki mara tatu. Kapimwa damu, kapewa dawa ya minyoo, kapewa ya kuzuia malaria, kapewa FEFO, dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma na vitamini ya foliki asidi, na akazimeza zote. Mkunga mwenzangu alimleta kwangu kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa kuliko miezi yake. Tulidhani mapacha.

Nikapaka geli. Geli ya huku Februari ni ya baridi, akaguta kidogo, akacheka. Ukiweka kifaa tumboni kwa mimba ya miezi saba, kichwa cha mtoto unakiona kama duara jeupe, kama mwezi mtu aliouchora kwa chaki. Mimi nilikuwa nauona mwili, nauona moyo, nauona uti wa mgongo, nikipanda juu natafuta duara silipati. Nikadhani mtoto amekaa vibaya. Nikamlaza ubavu. Nikaona macho mawili, na juu ya macho hakukuwa na kitu. Maji ya chupa yalikuwa mengi mno, ndiyo yaliyokuwa yamekuza tumbo, kwa sababu mtoto wa namna ile hamezi maji vizuri.

"Mama, wa kike au wa kiume?"

"Subiri kidogo mwanangu." Nikageuza skrini ikaangalia ukutani.

"Mbona umeigeuza?"

Mhariri, nilikuwa na miaka mingi kazini na sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kulisema lile. Nikaenda kumwita daktari, daktari alikuwa chumba cha upasuaji, akaja baada ya dakika 40, na dakika hizo zote yule binti alilala pale geli ikimkaukia tumboni, anaangalia dari. Karatasi za kufutia zilikuwa zimekwisha. Nilimfuta kwa kanga yake mwenyewe. Nje kwenye benchi mama mkwe aliposikia alisema palepale, watu wote wakisikia, kwamba ni mkosi wa ukoo wa msichana.

Alijifungua wiki ya 37. Mtoto wa kiume. Aliishi muda usiofika saa mbili. Nilimvika kofia ya sufu ya bluu aliyokuwa amefuma mama yake, nikaikunja mara mbili ndipo ikamkaa.

Nilirudi kwenye kadi ile. Mara ya kwanza aliingia kliniki akiwa na miezi mitano. Kwa hiyo kidonge chake cha kwanza cha FEFO kilimfikia zaidi ya miezi mitatu baada ya ile zipu kufunga. Sisemi FEFO ya mwezi wa tano haina kazi; inaongeza damu, na mimi nimeona wanawake wakifa kwa kukosa damu, mjamzito asiiache. Nasema kwa jambo la mgongo na ubongo, ambalo hiyo foliki asidi ingesaidia kulizuia kama ingewahi, tuligawa mwavuli jioni mvua ya asubuhi ikiwa imekwisha kupiga.

Najua swali linalofuata, kwa sababu hata mume wangu aliniuliza nilipomsomea rasimu ya barua hii: hata angemwona wiki ya 12, ungefanya nini? Ni swali zuri kuliko yote na naomba nigande hapo kidogo. Sheria yetu ya kutoa mimba ni kali na kila mtu anaijua, siingii huko.

Kwanza, fuvu linaanza kukomaa kiasi cha kung'aa kwenye mashine baada ya wiki ya 10 au 11, kwa hiyo kwenye wiki ya 12 au 13 mtaalamu mzoefu anaona kama lipo au halipo. Huko Uingereza, Stuart Campbell na wenzake walichapisha habari ya mtoto asiye na fuvu waliyemwona kwa utrasaundi akiwa na wiki 17, na hiyo ilikuwa 1972. Mimi nilimwona wa kwangu kwa miezi saba, miaka zaidi ya 30 baadaye. Yule binti angejua wiki ya 13 angekuwa na miezi sita ya kuambiwa taratibu, na mumewe akiwepo, na padri wake kama angemtaka, badala ya kuambiwa akiwa amelala na geli tumboni. Wapo wanaopasuliwa bure kwa mtoto ambaye kila mtu angejua hataishi, halafu wanabaki na kovu la tumbo la uzazi linalowatisha kila mimba inayofuata.

Pili, kwa mgongo wazi ni tofauti kabisa, maana huyo anaishi. Mgongo wazi kwenye wiki ya 12 ni mgumu kuuona, nisidanganye watu. Unaonekana vizuri zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 22, na cha kuchekesha ni kwamba huanzi kuutafuta mgongoni, unaanza kichwani. Mwaka 1986 madaktari wa London, Kypros Nicolaides na wenzake, walionyesha kwamba kichwa cha mtoto mwenye mgongo wazi kinabonyea pande mbili za mbele kikawa na umbo la limao, na ubongo mdogo wa nyuma unavutwa chini ukajikunja kama ndizi. Limao na ndizi. Mkufunzi wetu alipotuambia tulidhani anatutania, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyesahau.

Mtoto huyo akijulikana mapema, mama anapangiwa kujifungulia palipo na mpasuaji. Kidonda cha mgongoni kinatakiwa kufungwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, kabla wadudu hawajaingia kwenye uti wa mgongo. Asipojulikana, anazaliwa zahanati, na safari ya kwenda Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili inaanza kwa kutafuta nauli. Nimemsindikiza mmoja kwenye basi la usiku, mama kamlaza kifudifudi mapajani, kitambaa cha gozi cha kidonda kimelowa maji ya chumvi, kondakta anauliza mbona mtoto halazwi chali. Na nimewaona walioletwa wakiwa na miezi minne, kichwa kimeshakuwa kizito hawawezi kukiinua, wakati maji yale yangeweza kupitishwa njia nyingine mapema. Pale Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dk. Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo wenyewe kwa kamera ndogo na kuchoma tishu inayoyatengeneza, ili mtoto wa kijijini asiishi akitegemea mpira wa kutolea maji kichwani, ambao huweza kuziba. Yaani ujuzi uko jirani hapa. Anayechelewa ni mtoto.

Na jambo la tatu, mama mwenyewe. Nitarudi kwake.

Kabla ya hapo niungame dhambi yangu, maana nikiwasema wa vichumba vya stendi bila kujisema nitakuwa mnafiki. Mwaka 2005 nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye kozi ya wiki mbili. Wiki mbili! Akaja mama mmoja ana wiki 10, anatokwa damu kidogo. Mtoto yuko hai, moyo unapiga, lakini pale kitovu kinapoingia tumboni nikaona uvimbe mweupe, kama kipande cha utumbo. Kwenye kozi walikuwa wametuonyesha picha ya mtoto mwenye utumbo nje. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, "Mama, utumbo wa mtoto uko nje."

Sikusema uongo. Ulikuwa nje kweli. Ila wa kwako ulikuwa nje pia, Mhariri, na wangu. Kwenye wiki ya nane hivi utumbo unakua haraka kuliko tumbo, tumbo halina nafasi, unatoka unaingia kwenye kitovu, unajizungusha humo, na kufika wiki ya 12 umerudi ndani. Ndivyo mtu anavyotengenezwa. Mimi nilifundishwa picha za kasoro kabla sijaonyeshwa picha za kawaida, nikamwona mtoto mzima nikamwita mgonjwa. Makosa ya aina hii yako mengi: ukimtazama mtoto wa wiki nane au tisa kwa mashine nzuri utaona shimo jeusi nyuma ya kichwa, na asiyejua anasema maji kichwani, kumbe ni chumba cha kawaida cha ubongo wa wakati huo.

Yule mama alikwenda nyumbani akaogeshwa dawa. Mumewe akahama chumba. Alirudi wiki ya 16 kwa sababu tu dada yake alimburuta, nikapitisha kifaa, tumbo limefunga, utumbo ndani, kila kitu mahali pake. Nililia mbele yake. Yule mtoto leo anaendesha bodaboda stendi ya Mafinga, ananiita bibi, na mvua ikinyesha hanitozi nauli. Mama yake hajawahi kumwambia, nami simwambii.

Kwa hiyo ninapotaka watu wapigwe picha mapema sitaki wapigwe na mtu kama mimi wa 2005. Nataka apige mtu aliyekaa mwezi mzima anatazama watoto wa kawaida kabla hajapewa ruhusa ya kutamka neno kasoro, na akiona kitu asichokielewa aseme "rudi baada ya wiki tatu tutazame tena". Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mjamzito aingie kliniki ndani ya wiki 12 za mwanzo na apate angalau utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kabla ya 24. Sisi wengi wetu tunaipata mwezi wa nane, kuuliza jinsia ili tujue rangi ya kununua.

Nirudi kwa yule binti wa kambi ya chai. Baada ya arobaini aliniuliza kama litamrudia. Nikamwambia linaweza, mwanamke aliyewahi kupata mtoto wa namna hii yuko kwenye hatari zaidi kuliko wengine, lakini kuna kitu. Mwaka 1991 ulitoka utafiti uliofanywa kwenye nchi saba, wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya mrija huu, wengine wakapewa foliki asidi miligramu 4 kila siku kabla ya kushika mimba, wengine hawakupewa. Waliopewa, tatizo lilipungua kwa asilimia 72. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wenzao. Huku kwetu kidonge kilichopo dukani ni cha miligramu 5, ni vile vidogo vya njano ambavyo watoto wa selimundu wanameza kila siku. Daktari akamwandikia. Nikamwambia ameze kabla ya kuacha uzazi wa mpango, aendelee mpaka wiki ya 12.

Alimeza miezi mitano ndipo akashika. Wiki ya 13 nilimlaza kwenye kitanda kilekile. Safari hii skrini niliigeuzia upande wake tangu mwanzo. Duara la chaki lilikuwepo. Sikumwambia jinsia kwa sababu hakuuliza.

Kwa mwanamke ambaye hajawahi kupata tatizo hili, cha kumfaa ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia anapopanga kuzaa mpaka wiki ya 12. Mwenye kisukari, na anayemeza dawa ya kifafa iitwayo valproeti, waonane na daktari kabla ya mimba, wala huyo wa kifafa asiiache dawa kwa kusoma barua yangu. Chakula kinasaidia, mnafu na majani ya maboga na maharage vina foliti, ndiyo foliki asidi ya kwenye chakula, lakini sisi tunayachemsha majani mpaka yanakuwa meusi, maji tunamwaga, na foliti inamwagika na hayo maji. Serikali kwa kanuni za 2011 iliamuru viwanda viweke foliki asidi kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Ni jambo jema na linamfaidi mla chapati wa mjini. Kijijini mtu anabeba debe lake kichwani mpaka mashine ya kusaga, anakoboa, anasaga, anarudi na sembe nyeupe kama theluji isiyoongezwa chochote na iliyopunguzwa mengi. Iringa tunalisha nchi nzima mahindi, na watoto wetu wamedumaa. Ningekuwa na mamlaka ningeanzia kwenye hizo mashine, maana kuna vifaa vidogo vinavyodondosha virutubisho unga ukitoka, nimeviona kwa macho.

Jambo jingine dogo, ingawa kwangu si dogo. Mei 2018 ilitoka tahadhari kwamba dawa ya VVU ya dolutegravir huenda inaleta kasoro ya mrija huu. Ilitokana na watoto 4 kati ya 426 nchini Botswana. Wanawake wa nchi nyingi za Afrika wakazuiwa dawa nzuri au wakaambiwa waanze uzazi wa mpango kwanza. Unajua kilichokuja kuisafisha ile dawa? Ni wakunga. Tangu 2014 wakunga wa hospitali za serikali Botswana walikuwa wanamgeuza kila mtoto anayezaliwa, hai au mfu, wanamkagua kichwa na mgongo na kuandika. Mwaka uliofuata hesabu ikawa 5 kati ya 1,683, na walivyozidi kuhesabu tofauti yake na dawa nyingine ikayeyuka. Mimi kwenye wodi yetu, yule wa kofia ya bluu nilimwandika kwenye kitabu kikubwa "amefariki baada ya kuzaliwa". Basi. Hakuna atakayekifungua kitabu kile akajua alikuwa na nini. Nawaomba wakunga mlio kazini, mgeuzeni mtoto, mwandike mlichokiona, hata pembeni ya mstari.

Na wewe mama mkwe wa kwenye benchi, kama upo na unasoma magazeti. Hata mimba zinazotoka kwenye miezi mitatu ya mwanzo, karibu nusu yake mtoto alikuwa na hitilafu ya kromosomu, zile nyuzi za urithi, tangu siku ya kwanza. Hakuna ndoo ya maji aliyobeba mama, hakuna mti aliopita chini yake.

Sasa baba wa Kibaha. Watoto watano wazima ni neema, namshukuru Mungu pamoja nawe, na wala sikuombei mabaya. Lakini binti yako anaolewa Desemba, na wengi wa maharusi wangu walikuja kliniki Juni wakiwa na miezi mitano. Piga hesabu mwenyewe, siku yake ya 28 itaangukia Februari, pengine yupo bado anarudisha vyombo vya watu vya harusi. Kidonge kinatakiwa kiwe tumboni mwake kabla ya hapo, kwa hiyo aanze Novemba. Mwambie mama yake amwingizie kwenye vyombo vya kitchen party, kati ya sufuria na mabeseni, kipakiti cha foliki asidi ya mikrogramu 400; mfamasia wa hapo Maili Moja atamwonyesha. Na akichelewa siku zake aende kliniki palepale, tumbo lisingojewe.

Mkunga mstaafu,
Mafinga, Iringa